Mdogo wangu alibomoa nyumba ya vizazi vinne kwa siku tatu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nina umri wa miaka 29, sijaolewa, na ninatunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Nimesita kukuandikia kwa sababu jambo linaloniumiza limetokea ndani ya mchezo wa kompyuta, na kila niliyejaribu kumsimulia amenikatiza kabla sijafika katikati. Ninakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Mchezo wenyewe ni The Sims 4. Niliuanza mwishoni mwa mwaka 2022, mara tu mchezo wa msingi ulipoanza kutolewa bure, kwenye kompyuta mpakato niliyoinunua mkononi kwa mtu. Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa kuendesha maisha: unamuumba mtu, unampa tabia, unamtafutia kiwanja na kumjengea nyumba, kisha unamwangalia akipika, akienda kazini, akichumbiana, akizaa na kuzeeka. Hakuna adui wa kupigana naye, na hakuna anayekuambia kwamba umeshinda.

Kipindi hicho mdogo wangu wa kiume alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne, akikaa kwangu kusubiri matokeo. Usiku tulikaa wawili mkekani, kompyuta ikiwa juu ya stuli, tukimtazama mtu wetu wa kwanza ambaye hata jina lake, Subira, alilipendekeza yeye. Watu wa mchezo huo huzungumza lugha yao isiyo ya taifa lolote, na salamu yao ni “sul sul”. Tangu siku zile, mimi na mdogo wangu tukipigiana simu hatusemi “haloo”. Tunasema “sul sul”.

Yeye alipokwenda chuoni Morogoro, mimi niliendelea peke yangu, na ndipo nilipojifunga kwa masharti ya changamoto ya vizazi kumi, ambayo wachezaji wenyewe waliitunga miaka mingi iliyopita: mwanzilishi wa ukoo anaanza peke yake kwenye kiwanja kitupu, kila shilingi inatafutwa kwa kazi, na ukoo unatakiwa kufika kizazi cha kumi bila kutumia yale maneno ya siri yanayomwaga fedha. Nilimwanzisha Subira upya huko Newcrest, mji ambao mchezaji anaukuta una viwanja vitupu tu. Anayeanza peke yake hupewa Simoleoni 20,000, ndiyo fedha ya huko, na baada ya kulipia kiwanja zilibaki za kutosha kitanda, choo, jokofu la bei ya chini na kibao cha kuchorea. Usiku wa kwanza alilala nje, kitanda kikiwa kwenye nyasi. Alichora, akauza, nikanunua ukuta. Akachora tena, nikanunua mlango. Shangazi, mimi kutwa ninaandika stakabadhi za saruji, nondo na mabati ya watu wengine, na kiwanja changu cha Kisesa bado kina vigingi vya mipaka tu, kwa hiyo siwezi kukueleza nilivyojisikia usiku ule chumba cha Subira kilipopata paa.

Sisemi kwamba ni raha tupu. Wapo jioni ambazo nimefunga kompyuta kwa hasira. Unamwamuru mtu ale kwa sababu ana njaa ya kufa, naye anabeba sahani, anasimama mlangoni kupiga soga na jirani mpaka chakula kinaoza. Mwingine anachukua chombo kichafu jikoni, anapita sinki lililo mbele yake, anapanda nacho ghorofani kwenda kukioshea bafuni. Mkwe wa Subira alichoma jiko lote kwa kukaanga mayai tu, kwa sababu sikuwa nimempa muda wa kujifunza kupika. Lakini pia siku moja, saa ya kazi ikikaribia, Zuhura binti Subira alitoka mwenyewe bila kuamriwa, akasimama mbele ya kaburi la mama yake chini ya mti, akalia mpaka akachelewa. Nilikasirika kwa sababu alikuwa karibu kupandishwa cheo, na hapo hapo machozi yalinitoka.

Kwa mwendo huo, usiku mmoja mmoja, tulifika kizazi cha nne. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, na chumba cha kwanza cha Subira kilibaki katikati kama kilivyokuwa. Zuhura alikuwa bibi mzee.

Mdogo wangu, ambaye sasa ana miaka 20 na yuko mwaka wa pili, alikuja likizo. Mimi ndiye ninayemlipia ada tangu baba alipofariki, ila hilo si la msingi hapa. Ilikuwa mwisho wa mwezi, tunahesabu mali dukani, na kwa siku tatu nilikuwa narudi usiku, ninakula na kulala. Siku ya nne aliniita akiwa na furaha: “Dada, njoo uone nilivyokujengea.” Alikuwa ameandika lile neno “motherlode”, ambalo hutoa Simoleoni 50,000 kila unapoliandika, akalirudia mpaka ukoo ukawa na zaidi ya milioni moja. Nyumba ya vizazi vinne alikuwa ameisawazisha na ardhi. Mahali pake palikuwa na jumba la ghorofa tatu lenye bwawa la kuogelea na runinga katika kila chumba. Zuhura alikuwa amekufa kwa uzee katika siku hizo, na kaburi la Subira sikuliona tena.

Nilipiga kelele ambazo majirani walizisikia. Nilimwambia: “Ndivyo ulivyo, maisha yako yote unangoja vya bure.” Aliniangalia, akafunga kompyuta taratibu, na asubuhi yake akapanda basi la Morogoro siku mbili kabla ya tarehe aliyopanga. Sasa ni wiki tatu. Ada nimetuma kama kawaida, lakini sijazungumza naye. Juma lililopita aliniandikia maneno matatu tu, “Sul sul, dada,” na sijayajibu. Sijaufungua mchezo tangu siku ile. Mama amenipigia kutoka Sengerema akiniuliza kama ni kweli nimemfukuza mdogo wangu kwa sababu ya vikaragosi.

Shangazi, je, nimekuwa mtoto kwa kuomboleza nyumba ambayo haipo? Je, inaweza kurudishwa? Na kwa nini mimi niliyekosewa ndiye nitakiwe kuanza kusema naye?

Wako,
Dada wa Subira, Mwanza

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole.

Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake linaweza kuharibika ukichelewa au ukikosea hatua. Hasira yako imekufaa katika jambo moja: tangu siku ile hujaufungua mchezo, kwa hiyo hujahifadhi chochote juu ya alivyoviacha mdogo wako. Uache hivyo hivyo kwanza. Mchezo huu, kila unapohifadhi, hauyatupi mara moja maisha ya nyuma. Huweka nakala tano za awali, na nakala ya zamani zaidi ndiyo hutolewa pale mpya inapoingia. Fungua folda ya nyaraka kwenye kompyuta yako, ingia ndani ya folda ya Electronic Arts, kisha ya The Sims 4, utaikuta nyingine iitwayo “saves”. Inakili yote kwenye flashi kabla ya kugusa kitu. Baada ya hapo, fungua mchezo, nenda mahali pa kuchagua familia ya kuendelea nayo, chagua ukoo wako, na utafute sehemu ya kurejesha matoleo yaliyotangulia. Ukipata ambamo nyumba bado imesimama, lihifadhi kwa jina jipya, usiliweke juu ya lile la zamani.

Sitakuahidi kwamba utalipata. Siku tatu ni muda mrefu, na kama kijana alikuwa akihifadhi kila baada ya saa moja, nakala zote tano zitakuwa za jumba lake. Ikiwa hivyo ndivyo, bado yapo mawili. La kwanza ni kaburi. Kabla ya kuamini kwamba limepotea, ingia katika hali ya ujenzi na ufungue ghala la vitu vya kaya, kwa maana makaburi ya kiwanja kilichosafishwa huweza kukutwa yamewekwa humo, yakisubiri mtu ayatoe. La pili ni fedha. Upo msimbo mwingine, “money”, ambao ukiuandika ukafuatisha kiasi, hazina ya kaya inakuwa kiasi hicho hicho, hata kama ni kidogo kuliko ilichonacho. Maana yake ni kwamba unaweza kuwarudisha kwenye akiba uliyoikumbuka, ile waliyoitolea jasho. Kama kufanya hivyo ni kuvunja masharti yako au ni kuyatengeneza, utaamua wewe. Kwa maoni yangu ni kuyatengeneza.

Halafu, kuanzia sasa, kila unapomaliza chumba chenye historia, ihifadhi nyumba nzima kwenye maktaba ya ndani ya mchezo. Ikibomolewa, kwa mkono wa mtu au kwa hitilafu ya kompyuta iliyotumika kama yako, unaitoa huko na kuisimamisha tena. Nilijifunza jambo hili kwa uchungu. Nilianza na toleo la pili, lile la mwaka 2004, kwenye kompyuta ya mezani ya wanangu, na diski yake ilipokufa nilipoteza familia niliyoilea kwa miaka miwili. Mpaka leo ninalikumbuka jina la mtoto wa mwisho.

Kwa hiyo hutanisikia nikikuita mtoto. Aliyeubuni mchezo huu, Mmarekani Will Wright, aliunguliwa na nyumba yake katika moto mkubwa wa Oakland mwezi Oktoba 1991, na akiwa katika kazi ya kununua upya vitu vya familia yake, kimoja baada ya kingine, ndipo alipoanza kuwaza kuhusu vitu ambavyo binadamu anavihitaji ili aishi. Alikusudia mwanzoni mchezo wa kujenga nyumba, na wale watu wadogo walikuwa wa kuipima tu, kuonyesha kama nyumba inakalika. Toleo la kwanza lilipotoka mwaka 2000, watu ndio waliokuwa mchezo. Ninakueleza hili ili ujue kwamba kuumia kwa ajili ya kuta, vitanda na majiko hakukuanza na wewe. Ni mojawapo ya mambo ambayo mchezo huu ulitokana nayo. Siku moja ya huko ni takribani dakika 24 za kwetu. Hesabu mwenyewe, wewe ni mtu wa hesabu: ni jioni ngapi za maisha yako zimo katika vyumba vile sita? Jioni hizo zilikuwa za kweli, na ulikuwa na haki ya kuomba zisiguswe.

Tatizo ni kwamba hukuomba. Ulijiwekea masharti baada ya mdogo wako kuondoka. Alichokiona yeye mwaka 2022 ni mchezo mliokuwa mkicheza wawili mkekani, bila sheria, na mtu ambaye jina lake alilitoa yeye. Alipoikuta kompyuta juu ya stuli ile ile, hakukuta kibao kilichosema kwamba hapa ni mahali pa jasho tupu. Neno alilolitumia halikuibwa popote. Waundaji wameweka misimbo ya namna hiyo tangu toleo la kwanza, ambako ule wa “rosebud” ulitoa Simoleoni 1,000, na kuna mamilioni ya watu ambao hawajui kucheza kwa njia nyingine, kwa sababu raha yao iko katika kupamba jumba wala si katika kulitafutia fedha. Masharti yako yana thamani kubwa kwa sababu hakuna aliyekulazimisha kuyafuata. Lakini sharti la namna hiyo linakaa moyoni mwa aliyejiwekea, na asiyeambiwa hawezi kuliona.

Hata hivyo simwachii hivi hivi. Kijana wa miaka 20 anajua kwamba kitu kisicho chake hakibomolewi bila kuuliza, na alikuwa na siku tatu za kuuliza. Ulikuwa unarudi umechoka, ndiyo, lakini swali moja la mlangoni, “Dada, naweza kuibomoa ile nyumba?”, lingetosha. Kwa hilo wewe ndiye unayemdai radhi, na utakapozungumza naye usilifiche.

Sasa nisogee kwenye sehemu ya barua yako niliyoirudia zaidi ya mara tatu. Umetumia aya nzima kueleza Subira alivyopata ukuta na mlango. Kuhusu ada umeandika sentensi moja, na katika sentensi hiyo hiyo ukaongeza kwamba “hilo si la msingi hapa”. Kisha, ulipokasirika, katika maneno yote yaliyopo kwenye lugha yetu ulichagua kumwambia kwamba maisha yake yote anangoja vya bure. Mwanangu, maneno hayo hayakuwa ya Newcrest. Hakuna mtu anayengoja vya bure Newcrest. Yalikuwa ya stakabadhi unazoziandika kutwa kwa ajili ya nyumba za wengine, ya vigingi vya Kisesa, na ya fedha ambazo kila muhula zinakwenda Morogoro badala ya kwenda kwa fundi. Ulipoona Simoleoni 50,000 zikiwa zimepatikana kwa kuandika neno moja, na aliyeziandika ni yule unayemlipia, kilichopasuka kilikuwa kimejaa siku nyingi.

Sikulaumu kwa kuchoka. Umebeba nafasi ya baba ukiwa bado kijana, na sioni mahali popote katika barua yako ambapo mtu amekushukuru. Ila mdogo wako hajui kwamba uchovu huo upo, kwa sababu dada wa aina yako hutuma ada “kama kawaida” hata katika wiki ambazo hazungumzi na mtu. Alichokisikia ni kwamba dada yake, mtu pekee anayemsomesha, anamwona kupe. Ndiyo maana hakujibizana. Tazama ulivyoandika mwenyewe: aliifunga kompyuta taratibu. Mtu mwenye kiburi hafungi taratibu.

Na hapa kuna jambo ambalo naona limekupita, ingawa umeliandika kwa mkono wako. Alipokuita hakusema “njoo uone nilichojenga”. Alisema “nilivyokujengea”. Siwezi kuusoma moyo wa kijana nisiyemjua, lakini ninaweza kusoma kitenzi. Huyu ni mtu asiye na kipato, anayekula na kulala kwa dada yake, anayejua kwamba dada huyo ana kiwanja kisichojengwa na pengine anajua pia kwa nini hakijajengwa. Hana saruji ya kukupa wala bati. Mahali pekee alipoweza kukusimamishia ghorofa ni pale kwenye stuli, na fedha pekee aliyoweza kuipata ni ile ya kuandika neno. Akakaa siku tatu akijenga, ukiwa kazini. Nadhani aliweka runinga katika kila chumba kwa sababu hiyo ndiyo picha aliyonayo ya nyumba ambayo dada yake anastahili.

Zawadi yake ilikuwa mbaya kwa mpokeaji, nakubali. Iliangusha kitu ulichokipenda kuliko kile ilichokuletea, na aliyeitoa hakujua anachokiangusha. Lakini ukiitazama kama zawadi, na si kama wizi wa jasho, nadhani utaona kwa nini wewe ndiye unayeanza. Yeye alikosa kwa kutojua, na tayari ameshaanza, kwa salamu ambayo ninyi wawili mmeifanya kuwa yenu. Wewe ulikosa kwa kujua, maana ulichagua mahali pa kumpiga. Hilo ndilo la kumwomba radhi, na uliombe peke yake, bila kuanza na “lakini wewe”. Mwambie: neno lile la vya bure nililitoa kwa hasira, si kweli, na nisingependa uliamini.

Mazungumzo ya ada yafanyeni siku nyingine. Ukiyachanganya na ya mchezo, atadhani kila kitu unachomtendea kina deni ndani yake. Lakini yafanyeni. Ana miaka 20. Anaweza kuonyeshwa daftari. Mwonyeshe kinachoingia, kinachokwenda kwa mama Sengerema, kinachokwenda chuoni, na kinachobaki kwa ajili ya Kisesa, hata kama kinachobaki ni sifuri. Usimwonyeshe ili ajisikie vibaya. Mwonyeshe kwa sababu mtu anayetaka kukujengea nyumba anastahili kujua nyumba yenyewe inagharimu kiasi gani, tofali ni ngapi na bati ni ngapi, na wewe kwa kazi yako unaweza kumpa hesabu hiyo bila kufungua kitabu. Huenda akatafuta kazi ndogo wakati wa likizo. Huenda asitafute. Angalau hutakuwa tena peke yako na namba hizo usiku.

Kuhusu mchezo, nakushauri yafuatayo. Kama nyumba itarudi, endelea na vizazi vyako, na kompyuta uiwekee nywila. Hakuna ubaya wowote dada kuwa na kitu chake. Kama haitarudi, usilifute jumba. Lihifadhi kwa jina la mdogo wako liwe familia yake, ili akija likizo awe na mahali pa kucheza kwa namna anayoipenda, na runinga zake zote. Kisha, ukiwa tayari, mtafutie kitukuu wa Subira kiwanja kingine Newcrest. Kizazi cha nne kuhama na kuanza upya kwenye nyasi kinaruhusiwa kwa masharti yoyote ninayoyajua, na koo nyingi za kweli zimefanya hivyo. Na Zuhura, kwa kuwa umesema alikuwa bibi mzee, aliondoka kwa wakati wake. Kilichokuuma, nadhani, ni kwamba aliondoka wakati hukuwapo. Kama ukipata nakala ambamo bado yu hai, unaweza kusimamisha uzee katika mipangilio na kumpa siku zake kadhaa, umkalishe pale chini ya mti. Kisha uurudishe uzee, kwa sababu bila huo hakuna kizazi cha tano.

Mama yako usimweleze habari za vizazi na Simoleoni. Atakuchosha nawe utamchosha. Mwambie tu kwamba ulimkaripia mdogo wako kupita kiasi na kwamba mmezungumza. Lakini ili useme mmezungumza, inabidi muwe mmezungumza.

Usianze kwa kupiga simu, maana baada ya wiki tatu wote wawili mtatafuta maneno na kukosa. Mjibu kwanza ule ujumbe wake. Mwandikie “Sul sul, mdogo wangu”, halafu mwulize kaburi la Subira aliliweka wapi.